Cheikh Anta Diop na Sarufi ya Kiwolofu

Cheikh Anta Diop alizaliwa tarehe 29 Desemba 1923 katika kijiji cha Caytu, eneo la Baol, nchini Senegali. Walimwengu wengi wanamkumbuka kwa jambo moja: hoja yake kwamba Misri ya mafarao ilikuwa ustaarabu wa watu weusi. Hoja hiyo ilimpa sifa na maadui, na imewashughulisha waandishi wa maisha yake hata wakausahau upande wake mwingine. Diop alikuwa pia mtu wa lugha. Kwa takriban miaka 40 alishikilia kwamba Kiwolofu, lugha aliyonyonya kwa mama yake, kinaweza kubeba hisabati, fizikia na falsafa bila kuazima sarufi ya mtu. Ushahidi wake ulimo katika mambo ambayo mtu asiye mwanasarufi huyapita bila kuyatazama: namna nomino inavyopata wingi, namna kitu kinachojulikana kinavyotofautishwa na kisichojulikana, na kama herufi fulani iandikwe mara moja au mara mbili. Kwa hili la mwisho aliingia katika ugomvi na serikali ya nchi yake.

Ili kuuelewa ugomvi huo, ni lazima kwanza kuiangalia lugha yenyewe. Kiwolofu ni lugha ya ngeli, kama Kiswahili, ila ngeli zake hazikai mahali tulipozoea. Mswahili huisoma ngeli mwanzoni mwa nomino: kitabu na vitabu, mti na miti. Mwolofu huiacha nomino tupu, bila kiambishi, na ngeli hujitokeza katika neno dogo linaloifuata. Mtoto ni xale, na mtoto anayejulikana ni xale bi. Farasi ni fas wi, mti ni garab gi, maji ni ndox mi, mke ni jabar ji, udongo ni suuf si, chombo ni ndab li, na mtu ni nit ki. Neno hilo dogo lina sauti mbili tu. Konsonanti hutaja ngeli. Irabu hutaja umbali. Fas wi ni farasi aliye karibu na msemaji, au aliye wazi mbele ya mawazo yake. Fas wa ni farasi yule wa mbali, wa kule au wa zamani.

Kwa hiyo katika umoja msemaji anachagua kati ya konsonanti nane: b, g, j, k, l, m, s na w. Katika wingi, utajiri huo wote unakunjwa kama mkeka. Karibu nomino zote huchukua konsonanti moja, y: xale yi, fas yi, garab yi, jabar yi, ndab yi. Zikiwa mbali, ni xale ya, fas ya, garab ya. Nomino yenyewe haibadiliki hata kidogo, na anayesikiliza hujua idadi kwa kile kinachokuja nyuma yake. Kibainishi cha pili cha wingi, ñi, kimebaki kwa majina machache tu ya watu: nit ñi, watu; góor ñi, wanaume; gan ñi, wageni. Hapa Mswahili hujikwaa. Angetarajia watoto waingie katika kundi hilohilo la wanadamu, kwa kuwa sisi husema watoto wale na wageni wale, hata simba wale. Kiwolofu hakifuati hesabu hiyo. Mtoto, aliye binadamu kamili, huenda na wingi wa miti na vyombo: xale yi.

Yako mabaki ya mfumo wa kale zaidi, ambapo nomino yenyewe ilibadilika. Mkono ni loxo, na mikono ni yoxo yi. Jicho ni bët, na macho ni gët yi. Maneno ya namna hii ni machache, na ni hazina kwa mtafiti, kwa sababu yanaonyesha kwamba zamani konsonanti ya mwanzo ya nomino ilikuwa na kazi ya kisarufi, kama ilivyo hadi leo katika Kisereri na Kifulani, jamaa wa karibu wa Kiwolofu.

Diop alikulia ndani ya lugha hii katika mazingira ya Wamuridi, tarika ya Kiislamu iliyoasisiwa na Sheikh Ahmadou Bamba na yenye mizizi yake Baol. Alianza kwa chuo cha Kurani, kisha akaingia shule ya Kifaransa. Mambo hayo mawili yalimpa picha mbili za maandishi zilizopingana. Miongoni mwa Wamuridi, Kiwolofu kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa namna iitwayo Wolofal, na washairi kama Moussa Ka waliitumia kutunga mashairi marefu ya dini na historia. Anayezijua tenzi za Pate na Lamu katika hati zake za awali hahitaji kuelezwa zaidi. Katika shule ya mkoloni, kinyume chake, lugha ya nyumbani haikuhesabiwa kuwa lugha. Katika shule nyingi za Afrika ya Kifaransa, mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa au kukabidhiwa kitu cha aibu, naye alikaa nacho mpaka amnase mwenzake. Wasomaji wa Kenya wanaijua desturi hiyo kwa jina lao wenyewe.

Alisoma sekondari Dakar na Saint-Louis, na mwaka 1945 akapata vyeti viwili vya kuhitimu, kimoja cha hisabati na kingine cha falsafa. Mwaka uliofuata alikwenda Paris. Nia yake ya kwanza ilikuwa sayansi, na sayansi hakuiacha kamwe. Alisomea fizikia na kemia, akahudhuria masomo ya mwanafalsafa Gaston Bachelard, na baadaye akafundisha fizikia na kemia katika shule za sekondari za mji huo. Lakini maandishi yake ya mwanzo yaliyochapishwa hayakuwa ya fizikia. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 24, alitoa katika jarida changa la Présence Africaine utafiti kuhusu lugha ya Kiwolofu na asili yake. Hata jina la lugha hiyo aliliandika kwa zaidi ya namna moja katika maisha yake, jambo linaloonyesha jinsi tahajia ilivyokuwa bado shamba lisilo na mipaka.

Hakuwa peke yake katika shamba hilo. Léopold Sédar Senghor, aliyemzidi miaka 17, alikuwa amekwisha kulima sehemu yake. Senghor alizaliwa Joal na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kisereri. Mwaka 1935 alifaulu mtihani mgumu wa Ufaransa wa kuwapata walimu wa juu wa sarufi. Mwaka 1944 alichapisha makala kuhusu ngeli za nomino katika Kiwolofu, na mwaka 1947 nyingine kuhusu kibainishi kiunganishi cha lugha hiyohiyo. Inafaa kuikumbuka tarehe hizo. Mshairi anayesomwa kwa mashairi yake, na rais anayesomwa kwa siasa zake, aliwahi kukaa chini na kuvichambua bi na yi kwa uvumilivu wa fundi saa. Watu wawili waliokuja kuwa mahasimu wakubwa wa siasa za Senegali walianza kwa kulitazama neno lilelile dogo. Walitofautiana juu ya nini kifanywe na lugha yenye sarufi hiyo. Kwa Senghor, Kiwolofu kilikuwa kitu cha kuchunguzwa na kuheshimiwa, huku Kifaransa kikibaki lugha ya shule na dola. Kwa Diop, lugha iliyochunguzwa bila kukabidhiwa kazi ni lugha iliyowekwa kabatini.

Mwaka 1954 alichapisha Nations nègres et culture. Kitabu hicho kinajulikana kwa sura zake juu ya Misri. Kwa mfasiri, sehemu yenye uzito zaidi iko mbali na hapo. Diop aliorodhesha istilahi za hisabati, fizikia na kemia katika Kiwolofu, kisha akatoa mifano ya tafsiri: maelezo ya nadharia ya uhusianifu ya Einstein, sehemu ya tamthilia ya Horace ya Corneille, na wimbo wa taifa wa Ufaransa. Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Moja ni sayansi ya juu, ya pili ni fasihi iliyosifiwa katika kila darasa la Kifaransa, ya tatu ni sauti ya dola yenyewe. Miaka tisa baadaye Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar kwa Kiswahili, na ingawa watu hawa wawili walitoka pembe tofauti za bara, jibu lao kwa dharau lilifanana: badala ya kubishana kama lugha inaweza, waliifanya ifanye.

Hapa ndipo neno dogo la Kiwolofu linapodhihirisha faida yake, na mtu yeyote aliyewahi kuunda istilahi ataiona. Kila neno jipya linapoingia katika lugha ya ngeli, huulizwa linakaa wapi. Kiswahili kinajua tabu hiyo: ni kompyuta hii au hiki, ni maredio au redio hizi? Katika Kiwolofu, neno la kigeni au la kubuniwa huingia likiwa zima, bila kukatwakatwa ili lipate kiambishi, kwa kuwa alama ya ngeli haimo ndani yake bali nyuma yake. Katika umoja mara nyingi hupewa bi: oto bi, motokaa, telefon bi, simu. Katika wingi halina budi kuwa oto yi na telefon yi. Mwunda istilahi anaweza kusita juu ya umoja. Juu ya wingi, sarufi imekwisha kumwamulia. Mtu akitaka kusema juu ya nguvu zote, miili yote, atomu zote, lugha ina mlango mmoja mpana, nao umekuwa wazi tangu kabla ya shule ya kwanza ya Kifaransa kujengwa Saint-Louis. Sayansi huzungumza sana kwa wingi na kwa vitu vilivyokwisha kutajwa. Haingeweza kuomba mlango bora.

Mfasiri wa Kiswahili anaweza kujifunza jambo hapa, japo kwa njia ya kinyume. Kwa kuwa hatuna kibainishi cha namna hiyo, mwanafunzi hushawishika kuweka wale, ile au vile kila anapokutana na yi. Matokeo ni Kiswahili kinachonyoosha kidole katika kila sentensi. Kiwolofu husema gis naa garab yi kwa miti inayojulikana, na gis naa ay garab kwa miti isiyotajwa kabla. Ay ndicho kibainishi cha wingi usio dhahiri, nacho hutangulia nomino. Tafsiri iliyo tulivu ya sentensi ya kwanza ni nimeiona miti, na ya pili ni nimeona miti. Kazi inayofanywa na yi upande ule, kwetu hufanywa na kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Palipo na ya ya mbali, hapo ndipo ile inapostahili nafasi yake.

Diop hakuishia kwenye tafsiri. Alitaka kuthibitisha kwamba Kiwolofu na Kimisri cha kale ni ndugu wa damu, na kwa ajili hiyo aliviweka viashiria vya lugha hizo mbili bega kwa bega, pamoja na vitenzi na msamiati mwingi. Kazi hiyo ilifikia kilele mwaka 1977 katika kitabu chake juu ya unasaba wa Kimisri cha mafarao na lugha za Waafrika weusi. Kabla yake, mwaka 1974, yeye na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville waliitetea hoja ya Misri katika mkutano wa UNESCO mjini Cairo, mbele ya wataalamu ambao wengi wao hawakuwa upande wao. Hata wapinzani walikiri kwamba wawili hao walikuja na maandalizi ambayo wengine hawakuwa nayo, na sura aliyoiandika Diop ikaingia katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO.

Kuhusu unasaba wa lugha, haki inataka isemwe wazi kwamba wanaisimu walio wengi hawakumfuata. Kiwolofu huwekwa katika tawi la Atlantiki la lugha za Niger-Kongo, na Kimisri katika familia ya Kiafro-Asia pamoja na Kiarabu, Kihausa na Kiberiberi. Viashiria ni maneno mafupi mno. Silabi moja inaweza kufanana na silabi nyingine katika lugha yoyote duniani, na mfanano wa namna hiyo hauthibitishi ukoo mpaka uungwe mkono na mabadiliko ya sauti yanayojirudia kwa kanuni. Diop alijua kwamba kanuni ndizo zinazotakiwa na alijitahidi kuzitoa; wakosoaji wake waliona hazikutosha. Udhaifu wa sehemu hii hauigusi sehemu ile nyingine. Kiwolofu hakikuhitaji kuwa mjukuu wa Kimisri ili kiweze kufundisha algebra, na Diop mwenyewe, alipoketi kutafsiri, alifanya kazi kwa sarufi iliyopo vinywani mwa watu wa Baol bila kuisubiri hati ya nasaba.

Tasnifu yake ya uzamivu aliitetea katika chuo cha Sorbonne tarehe 9 Januari 1960, baada ya miaka mingi ya vikwazo. Alifaulu, lakini daraja aliyopewa ilikuwa ya chini kuliko ile iliyomfungulia mtu mlango wa kufundisha chuo kikuu. Akarudi Senegali mwaka huohuo wa uhuru na kuajiriwa katika IFAN, taasisi ya utafiti iliyoko Dakar. Huko alianzisha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni 14, kazi ya subira na vipimo vidogo. Mwaka 1966, katika Tamasha la kwanza la Sanaa za Watu Weusi lililofanyika Dakar, alitunukiwa pamoja na marehemu W. E. B. Du Bois kuwa mwandishi aliyeathiri zaidi fikra za watu weusi katika karne ya 20. Heshima ilikuwapo, darasa halikuwapo. Mtu aliyesomwa na wanafunzi kutoka Harlem hadi Brazzaville hakuwa na ruhusa ya kusimama mbele ya wanafunzi wa mji aliokaa.

Siasa zilimgharimu pia. Mwaka 1961 aliunda chama cha Bloc des Masses Sénégalaises. Mwaka 1962 alifungwa kwa muda huko Diourbel. Chama hicho na kilichokifuata vilivunjwa na serikali. Mwaka 1976 aliunda Rassemblement National Démocratique. Katiba ya Senghor ilikuwa imeruhusu vyama vitatu tu, kila kimoja na itikadi iliyowekwa na sheria, na chama cha Diop kikakosa pa kuingia. Kilibaki bila kutambuliwa hadi mwaka 1981.

Chama hicho kilikuwa na gazeti, na hapa sarufi ikageuka kuwa kesi. Serikali ya Senghor ilikuwa imetunga mfululizo wa amri kuhusu uandishi wa lugha za taifa: ya mwaka 1971 kuhusu uandishi wa lugha hizo sita, yaani Kidiola, Kimalinke, Kifulani, Kisereri, Kisoninke na Kiwolofu, na ya mwaka 1975 kuhusu tahajia na utenganishaji wa maneno ya Kiwolofu. Lile la pili halikuwa swali dogo. Neno lenye sauti mbili kama yi linaweza kugandishwa kwenye nomino au kuachwa lisimame peke yake; anayeamua kuligandisha analiona kuwa kiambishi, anayelitenga analiona kuwa neno. Desturi iliyoshinda ni kulitenga, na mtoto wa leo huandika xale yi kwa maneno mawili. Hadi hapo ilikuwa kazi ya kawaida ya usanifishaji, na rais aliyekuwa mwanasarufi aliisimamia kwa jicho lake mwenyewe. Mwaka 1977 ikaongezwa sheria ya kuwaadhibu waliochapisha bila kuzifuata kanuni hizo. Ni nadra katika historia ya lugha za Afrika kwa kosa la tahajia kuwa kosa la jinai.

Gazeti la Diop liliitwa Siggi, maana yake kuinua kichwa. Wanasarufi wa serikali walitaka liandikwe kwa g moja. Diop na wenzake walishikilia mbili, na walikuwa na msingi imara, kwa sababu katika Kiwolofu konsonanti maradufu hubadili maana: gëm ni kuamini, gëmm ni kufumba macho. Badala ya kuliandika jina lake kwa tahajia aliyoiona kuwa ya uongo, Diop aliliacha jina. Gazeti likatoka mwaka 1977 kwa jina la Taxaw, yaani kusimama, ambalo halikuwa na herufi ya kugombaniwa. Ousmane Sembène alikutwa na jambo kama hilo kwa filamu yake ya Ceddo. Serikali ilidai jina liwe na d moja, naye akakataa, na filamu haikuonyeshwa Senegali wakati wote wa utawala wa Senghor. Wengi waliamini kwamba herufi ilikuwa kisingizio, na kwamba kilichoogopwa ni maudhui. Huenda ndivyo. Lakini kisingizio hicho kisingepatikana katika nchi ambayo rais wake hakujua tofauti ya konsonanti moja na mbili, na kisingekataliwa kwa uthabiti ule na mtu ambaye hakuijua pia.

Katikati ya mvutano huo, mwaka 1975, Diop alichapisha katika jarida la IFAN kazi ambayo wasomaji wa kamusi wangeipenda kuliko zote alizoandika. Ilihusu namna ya kuipandikiza sayansi katika Afrika, kwa mifano ya Kiwolofu. Humo alirudi kwenye kazi ya mwaka 1954 akiwa na silaha nyingi zaidi: nadharia ya seti, fizikia ya kwanta, uhusianifu maalumu na wa jumla, algebra ya tensa. Mtu wa umri wa zaidi ya miaka 50, mwenye maabara ya kuendesha, alikaa kutafuta neno la Kiwolofu la kila dhana na kulijaribu katika maelezo marefu, si katika orodha peke yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Orodha ya istilahi haivunjiki hata ikiwa mbovu, sentensi huvunjika. Neno likishawekwa ndani ya sentensi ni lazima lipate ngeli yake, lipokee wi au bi, liingie katika wingi, lirejelewe na kitenzi kinachofuata, nalo likishindwa mahali popote msomaji hulisikia likikwaruza. Diop alichagua mtihani huo mgumu.

Alifanya hivyo huku Kiwolofu chenyewe kikibadilika mitaani. Katika Dakar, mji unaokusanya watu wa lugha nyingi, wasemaji wengi huegemea bi kwa nomino ambazo wazee wa Baol wangezipa wi au gi, na ñi hupungua mbele ya yi. Nane za umoja zinaelekea kupungua. Wingi wa y unazidi kutanuka. Baadhi ya walimu huyaita mabadiliko hayo uharibifu. Ni afadhali kuyaita njia ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuianza yenyewe, kwa kuwa katika wingi kazi hiyo ya kurahisisha ilikamilika zamani, nje ya mji wowote.

Senghor alijiuzulu mwishoni mwa mwaka 1980, na Abdou Diouf akashika nafasi yake. Mwaka 1981 chama cha Diop kilitambuliwa, na mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 57, aliruhusiwa hatimaye kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dakar. Kitabu chake kikubwa cha mwisho, Civilisation ou barbarie, kilitoka mwaka huo pia. Katika uchaguzi wa mwaka 1983 chama chake kilipata kiti kimoja bungeni. Diop alikataa kukikalia, akiuona uchaguzi kuwa umechafuliwa.

Alifariki ghafla Dakar tarehe 7 Februari 1986, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa Caytu. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Dakar, ambacho kilikuwa kimemwacha nje ya madarasa yake kwa miaka zaidi ya 20, kilipewa jina lake. Mihadhara yake inatolewa kwa Kifaransa. Kiwolofu husikika nje ya kumbi, kwenye ngazi na chini ya miti, na hapo wanafunzi huitana ndongo yi.